Kwanza Tuzime Zetu

Fundi hakuifungua redio. Nilikuwa nimeibeba ndani ya kiondo kutoka nyumbani hadi kibandani kwake pale madukani Dundori, na njiani nilishajiandalia maelezo: kila jioni nikitafuta idhaa ya taifa kwenye mawimbi ya kati inagonga tik, tik, tik, kama saa ya ukutani, nadhani kuna waya umelegea. Mbele ya fundi kila mtu huwa daktari. Aliiwasha, akaiweka karibu na sikio, akapitisha mshale polepole toka mwanzo wa masafa hadi mwisho, macho yake yakiwa barabarani kwenye pikipiki iliyokuwa ikipakiwa gunia la shangi. Tik haikusikika. Akaizima, akanirudishia.

"Hii haiumwi, mwalimu," akasema. "Kinachogonga kiko kwako. Nitapitia jioni."

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na hakuna kidato kilichowahi kumaliza mwaka bila mtu wa safu ya nyuma kuuliza: mwalimu, unaamini kuna wenye akili wengine huko juu? Lililonikera siku zote ni hilo neno "unaamini". Linalipeleka swali kanisani, wa upande huu wanyooshe mkono na wa upande ule wanyooshe. Nami nilikuwa nawapa hesabu. Nyota za ile Njia Nyeupe tunayoiona Dundori usiku usio na mwezi zinazidi bilioni 100. Sayari zilizokwisha kuthibitishwa nje ya mfumo wa jua letu zinazidi 5,000. Kwa hiyo... Na baada ya "kwa hiyo" sikuwa na kitu. Kengele ikilia, naokolewa. Sikuwahi kuwaonyesha mtu anayelifanyia kazi swali hilo anafanya nini hasa na mikono yake, tangu asubuhi hadi jioni. Nadhani sikujua mwenyewe, hadi fundi alipokuja.

Alifika giza likianza kuingia, amevaa jaketi zito na kofia ya sufu. Huku kwetu tuko juu ya mita 2,000, na jioni baridi hushuka kutoka msituni kama ng'ombe wanaorudi zizini. Chini kule taa za Nakuru zilikuwa zimeanza kuwaka. Nikadhani tutaelekea moja kwa moja kwenye ua wa jirani, maana njiani nilikuwa nimeshamshuku. Fundi akakataa.

"Kabla ya kumshtaki jirani, kwanza tuzime zetu."

Akasimama katikati ya sebule na redio mkononi, akaniamuru. Zima taa ya jikoni. Zima runinga, hapana, chomoa kabisa, na king'amuzi chake. Kila kilipozimwa alinyamaza kidogo, akasikiliza, akatikisa kichwa au akainua nyusi. Sikujua nyumba yangu ina kelele kiasi kile. Balbu mbili zilikuwa zikikoroma. Chaja ya simu niliyoinunua kwa mchuuzi stendi ilivuma kama mzinga wa nyuki, na hapo fundi akanionyesha jambo: akapeleka mshale juu, uvumi ukapotea, ukarudi, ukapotea tena, ukarudi tena, kila mara baada ya mwendo uleule. "Stesheni hukaa mahali pake," akasema. "Hii inaruka kama chura. Ukisikia kitu kinaruka hatua sawasawa, ujue ni kifaa." Tukaichomoa chaja. Ikabaki ile tik peke yake, safi, kana kwamba tumeiosha.

Ndipo tukatoka nje. Redio ya mawimbi ya kati ina kijiti cheusi ndani yake, kirefu kama kidole au zaidi, kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba na kupakwa nta ili usisogee. Hicho ndicho sikio lake. Sikio hilo linapokea vizuri yanayolijia ubavuni, na yanayolijia kutoka ncha za kijiti halisikii. Mimi, na pengine wewe, tumezoea kugeuza redio tukitaka sauti iwe kubwa. Fundi aliigeuza akitaka sauti ife. Nilipomuuliza sababu alinipa redio nijaribu, na mkono ukaelewa kabla ya kichwa: sauti ikiwa kubwa hubaki kubwa hata ukigeuza sana, huwezi kusema kilele kiko wapi, lakini ikifa, hufia mahali pamoja tu, pembamba kama tundu la sindano. Ukipita kidogo, imefufuka. Basi akaisogeza taratibu, tik ikafifia, ikawa kama mtu abishaye mlango wa mbali, ikapotea. Akachomeka fimbo ardhini kuonyesha kijiti kimeelekea wapi. Akaenda upande wa pili wa shamba, kando ya tangi la maji, akarudia yote upya, akachomeka fimbo ya pili. Mistari ile miwili ilikutana nyuma ya nepia, kwenye fensi ya stima ya jirani.

Tulipofika palikuwa giza tupu, na ilikuwa heri. Chipukizi la nepia lililolowa umande lilikuwa limeegemea waya. Kila baada ya sekunde moja na kitu, cheche ya buluu, ndogo kuliko punje ya mtama, iliruka kati ya jani na waya, na redio mkononi mwa fundi ikasema tik. Tulikaa pale tukiitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa nikupeleke Cambridge, Uingereza, mwaka 1967, kwa mwanafunzi mmoja kutoka Ireland ya Kaskazini aitwaye Jocelyn Bell. Yeye na wenzake walikuwa wametumia miaka miwili wakigongelea nguzo na kutandaza nyaya juu ya ekari nne na nusu, darubini ya redio iliyofanana zaidi na shamba la maharagwe ya kutambaa kuliko chombo cha kutazamia nyota. Julai ikaanza kufanya kazi. Kila siku ilitema karibu mita 30 za karatasi yenye mstari wa wino, na karatasi hiyo aliisoma Bell kwa macho yake mwenyewe. Si kompyuta, macho. Baada ya wiki kadhaa alijua sura ya nyota halisi, akajua sura ya kelele za magari na mitambo ya watu. Agosti akakuta kichafuko kidogo kisichofika hata nusu inchi, na hakikuwa na sura ya hiki wala ya kile. Mtu mwingine angekipita. Yeye akakumbuka kwamba alishakiona, sehemu ileile ya anga.

Walipoharakisha karatasi mwishoni mwa Novemba ili mstari utanuke, kichafuko kikageuka kuwa mapigo: moja kila sekunde 1.337, bila kukosea. Mwalimu wake, Antony Hewish, alipoambiwa alisema lazima hilo limefanywa na watu. Basi wakaanza kuzima zao. Je, ni rada inayogonga mwezi na kurudi? Ni setilaiti? Ni lile jengo kubwa la mabati lililokuwa kusini mwa darubini? Wakauliza vituo vingine kama kuna jaribio linaloendelea. Kilichowazuia kulitupa jambo ni saa. Vitu vya watu hufuata jua: kiwanda hufunguliwa saa mbili leo, kesho saa mbili. Nyota hufika juu ya kichwa dakika nne mapema kila siku, na kichafuko cha Bell kilifuata saa ya nyota. Nusu kwa mzaha wakakiandika LGM-1, kifupi cha viumbe wadogo wa kijani.

Lililowatoa viumbe hao katika hesabu ni kazi ileile tena. Usiku mmoja kabla ya Krismasi Bell alipata kichafuko cha pili, katika upande mwingine kabisa wa anga, na chenyewe kinapiga, mara hii kila sekunde 1.2. Kabila moja la wageni lingekuwa habari. Makabila mawili, mbali namna hiyo, yakibisha hodi kwa mtindo mmoja kwenye waya wa mwanafunzi mmoja? Hapana. Ni aina ya nyota, isiyojulikana hadi siku ile: kiini cha nyota kilichosinyaa, kizito ajabu, kinachozunguka na kurusha mwale kama mnara wa taa pwani. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ilipotolewa walitajwa Hewish na Martin Ryle. Jina la aliyesoma karatasi halikuwamo. Ningetamani kusema nilishangaa.

Ukisoma kumbukumbu za wanaosaka sauti za wenye akili wengine, unakuta fundi wangu kila ukurasa. Mwanafalaki Frank Drake alianza kuzisaka Aprili 1960 kule Green Bank, West Virginia, kwa darubini yenye sahani ya mita 26, akiielekeza kwenye nyota mbili za jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani, katika masafa ya megahezi 1,420, ambayo ni sauti ya haidrojeni yenyewe. Punde tu baada ya kugeukia Epsilon Eridani kalamu ikaruka: mapigo makubwa, manane kwa sekunde. Mtu wa kawaida angekimbilia simu. Drake alitoa antena ndogo dirishani. Sahani kubwa husikia mahali padogo pa anga. Antena ndogo husikia ovyo, kila upande. Sauti iliporudi siku kadhaa baadaye, antena ndogo nayo ikaisikia. Basi haikutoka kwenye nyota. Ilikuwa ni ndege.

Siku hizi kazi inafanywa na kompyuta, lakini mkono ni uleule. Darubini hutazama nyota kwa dakika chache, hugeuzwa pembeni kwa dakika chache, hurudishwa, hugeuzwa tena. Sauti inayoendelea hata sahani ikitazama kwingine ni ya kwetu. Kisha huangaliwa kama inateleza. Matatu ikishuka kwa kasi barabara ya Lanet huku honi inalia, sauti ya honi hushuka ikikupita. Vivyo hivyo mawimbi ya kitu kilicho mbali lazima yapande au yashuke kidogo kidogo, kwa kuwa Dunia inazunguka na kile nacho kinazunguka. Sauti isiyoteleza kabisa inakaa nasi, imepanga chumba humu humu.

Na hata hivyo mtu hudanganyika. Mwaka 2019 sahani ya Parkes kule Australia ilielekezwa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, na mwaka uliofuata kijana aliyekuwa akipitia data akakuta mstari mwembamba wa megahezi 982. Ulionekana sahani ikitazama nyota, ukatoweka ikigeuzwa. Uliteleza. Ulipita mitihani yote, wakauita BLC1, na habari ikavuja magazetini. Waliomaliza kesi hawakuhitaji chombo kipya. Walirudi kwenye data zilezile na kutafuta mistari inayofanana nao, wakaikuta, mingi, imepangwa kwenye masafa kwa hatua za kawaida, mingine ikisikika hata sahani inapotazama kwingine. Ilikuwa inaruka kama chura. Mwaka 2021 wakaandika kwamba ni kifaa cha watu. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikaikumbuka chaja yangu ya stendi.

Hapa kwetu sikio kubwa tunalo, ila limekaa bure. Ukishuka kutoka Dundori hadi barabara kuu na kuelekea Nairobi, ukaipita Naivasha, kuna kituo cha Longonot, chini ya mlima wenyewe. Kilifunguliwa mwaka 1970 ili simu na picha za Afrika Mashariki zipite kwenye setilaiti hadi ng'ambo. Sahani yake moja ina kipenyo cha mita 32, kubwa kuliko ya Drake. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipotua Mombasa, sahani hiyo ikakosa kazi, kama zilivyokosa za namna hiyo kwingineko barani. Ghana waliigeuza ya kwao ya Kuntunse, nayo ya mita 32, ikawa darubini ya redio na kuzinduliwa 2017. Longonot imo kwenye orodha ya mpango wa Afrika wa kuzigeuza sahani za namna hiyo, na wanafunzi wa Kenya wamekuwa wakifundishwa kazi hiyo. Sahani bado inangoja. Faida yake si ukubwa tu. Fundi alihitaji kusimama mahali pawili ndani ya shamba. Sikio moja likiwa Longonot, jingine Ghana, jingine Afrika Kusini, kelele ya fensi ya Naivasha itasikika Naivasha tu.

Afrika Kusini walilifanyia kazi lile la kuzima hadi wakalitungia sheria, mwaka 2007, ya kuilinda nchi kavu ya Karoo na mawimbi ya watu. Huko ndiko ziliko sahani 64 za MeerKAT, ambazo zikiendelea na kazi zake nyingine husikilizwa pia na wanaotafuta sauti za wenye akili. Lakini sheria ya nchi haifiki juu. Tangu Julai 2023 Starlink imeingia Kenya, na setilaiti zake zinapita juu ya Karoo kama zinavyopita juu ya Dundori. Silaumu. Jirani yangu mwenye fensi anayo, na watoto wake wanasoma kwayo. Nasema tu kwamba za kuzima zinaongezeka.

Kuna swali moja ambalo mitihani hii yote inalizunguka: akili ina alama gani? Jibu bora nililo nalo halitoki angani. Liko Kariandusi, karibu na Gilgil, mahali ambapo mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920. Pale chini kuna mamia ya mashoka ya mkono, ya mawe ya volkano, mengine ya kioo cheusi cha obsidiani, umri wake karibu miaka milioni moja. Aliyeyachonga hakuwa mtu kama sisi, na hakuna ajuaye kama alikuwa na lugha. Nilipopeleka darasa huko, mwanafunzi akauliza inajulikanaje kwamba mto haukuyavunja. Mwelekezi akamwekea viganjani mawe mawili. Moja lilikuwa limevunjika kwa kubingirika: pembe zimeparara, kovu huku na kule, lolote popote. La pili lilikuwa na kovu moja linaloandaa nafasi ya kovu linalofuata, upande huu ukijibu upande ule, hadi ncha. Mwelekezi alisema yeye mwenyewe alitumia muda mwingi zaidi kujifunza mawe ya mto kuliko ya mchongaji. Kovu la mto likikukaa machoni, la mkono hujitenga lenyewe.

Turudi angani. Mwaka 2019 Kenya ilipewa nafasi ya kuipa jina nyota moja na sayari yake. Nyota ikaitwa Kalausi, sayari ikaitwa Buru, maneno ya Kijaluo: kisulisuli kikali, na vumbi lake. Ni majina yaliyochaguliwa na watu walioona Januari ya Bonde la Ufa. Buru haina matumaini ya mkazi, ni jitu la gesi lililobanana na nyota yake hata mwaka wake hauzidi siku tatu za kwetu. Mawimbi yanayotoka hapa yanahitaji zaidi ya miaka 130 kufika huko. Nairobi ilianza kutangaza redio mwaka 1928. Kama kuna wa kusikiliza upande ule, hajatusikia bado, na tukimfikia atakuwa na kazi ya kutuchambua kutoka kwenye nyota zake na chaja zake.

Fundi alirudi kwangu mara moja tena, miezi kadhaa baadaye, kuleta redio ya jirani. Tulikuwa tunakunywa chai stima ilipopotea. Haikupotea kwangu tu: mlima mzima ukazimika, na kule bondeni nusu ya Nakuru. Sikuwa nimetoa tochi bado fundi alipoinuka na redio, akatoka nje, akaiwasha. Sijawahi kuisikia redio namna ile. Hakuna uvumi, hakuna kukoroma, stesheni za mbali moja baada ya nyingine zikijitokeza kila mshale ulipoguswa, Kiarabu, Kifaransa, Kiswahili cha Tanzania, kila moja na kimya safi pembeni yake. Juu yetu Njia Nyeupe ilikuwa imetanda toka msituni hadi Menengai. Nikamuuliza, hatimaye, lile swali la safu ya nyuma, ila nikalitoa "unaamini".

Hakujibu. Aliinua kidole ninyamaze, akalaza redio ubavu, akaanza kuizungusha.

Tik, ikasema. Tik.

"Hiyo fensi," akasema fundi, "inatumia betri."